Uvimbe Mbele ya Sikio

Nawasalimu ninyi mlioketi darasani Nachingwea, na ninyi wa Ruangwa. Mwalimu wa darasa na awanyamazishe watoto kidogo, maana somo la leo lataka masikio na vidole pia.

Kila mmoja na aweke vidole viwili mbele ya sikio lake, kisha aume meno. Hapo juu ya taya ndipo ilipo tezi kubwa ya mate, moja kulia na moja kushoto. Nyingine ziko chini ya taya na chini ya ulimi. Mtu akiona embe bichi na chumvi, mate humjaa kinywani. Ndizo tezi hizo zinafanya kazi.

Tezi ya mbele ya sikio ina jambo lake. Ndani yake zimo tezi nyingine ndogo ndogo zisizotengeneza mate. Hizo ni ndugu wa zile za kinenani, ambazo mtu akiwa na kidonda mguuni huvimba, nasi tukasema ana mtoki. Za kinenani hupokea yatokayo mguuni. Hizi hupokea yatokayo kichwani, kipajini, kwenye kope na sikioni. Basi mtu akiwa na saratani ya ngozi mahali hapo, mbegu zake zaweza kusafiri zikaota ndani ya tezi ya mate. Uvimbe ule ni mtoto. Mama yake yuko kwingine.

Tuseme yuko mjomba mmoja, mkulima wa korosho, mwenye ualbino. Ngozi yake haina ile rangi ya kuikinga na jua. Alikuwa na kidonda juu ya sikio, kikakatwa hospitali, kikapona. Mwaka uliofuata aona kifundo mbele ya sikio, kigumu, wala hakiumi. Nyumbani wasema ni matumbwitumbwi. Je, ni kweli?

Matumbwitumbwi huja kwa siku chache, pamoja na homa, mara nyingi pande zote mbili, na zaidi huwapata watoto. Kijiwe kikiziba mfereji wa mate, uvimbe huja wakati wa kula, kisha hupungua. Virusi vya Ukimwi navyo huweza kuvimbisha tezi hizi polepole. Na uvimbe mwingi wa hapo si saratani hata kidogo. Lakini kifundo cha upande mmoja kinachozidi kukua, hasa jicho likikataa kufumba au mdomo ukienda upande, si cha kukandwa kwa majani. Mshipa wa fahamu unaouendesha uso hupita katikati ya tezi ile, na saratani huudhuru.

Nendeni hospitali ya wilaya. Huko mzee atavuliwa kofia, na mama atafunguliwa kilemba. Wengine huona ni dharau. Si dharau, daktari anamtafuta yule mama wa uvimbe. Atafunua nywele, atatazama nyuma ya masikio na kinywani, atapapasa shingo. Mjomba naye asiseme tu, "Nina uvimbe." Aseme, "Nilikatwa kidonda hapa mwaka jana." Saratani ya ngozi ikifika kwenye tezi hii, mara nyingi huonekana ndani ya miaka 2 baada ya kidonda cha kwanza. Asiposema, daktari aweza kudhani uvimbe umeanzia kwenye tezi yenyewe, na matibabu yake si yale yale.

Kisha hutumiwa sindano nyembamba kuvuta chembe chache, zitazamwe kwa hadubini. Watu huogopa kwamba sindano huuchokoza ugonjwa ukaenea. Jambo hilo ni nadra mno. Kukaa bila kupimwa ndiko kunakoua. Chembe zaweza kupelekwa mbali, na majibu yakachukua muda. Ulizeni siku ya kurudi, nanyi mrudi, hata ikiwa ni wakati wa kuokota korosho. Ikionekana ni saratani, mgonjwa huenda akapelekwa Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyoanzishwa mwaka 1996, hutoa matibabu ya mionzi.

Sasa toeni madaftari. Andikeni kwa herufi kubwa: KOVU LIKO WAPI. LILIKATWA MWAKA GANI. HOSPITALI GANI. Mwenye kovu na ajaze yake. Asiye nalo amwandikie mzee wake nyumbani, na karatasi hiyo iwekwe pamoja na vyeti vya hospitali. Kwaherini.