Arabuni: neno la sokoni katika barua za Paulo



Nilikuwa nimejiandaa kusema habari za Roho Mtakatifu. Majuzi, hapa hapa Kindu, nikasikia hoja iliyonikosesha usingizi: kwamba katika Waefeso 1:14, panaposema Roho ni arabuni ya urithi wetu, neno "arabuni" lifutwe, kwa kuwa ni la Waarabu, la watu waliopitisha minyororo na pembe za ndovu Nyangwe na Kasongo. Uchungu huo naujua. Maniema haijasahau. Ila uchungu si kamusi.

Hoja yenyewe imesimama juu ya sikio tu: arabuni, Arabu. Kwa kipimo hicho kitabu kingekuwa mtoto wa taabu! Wanakamusi wa kale wa Kiarabu wenyewe walilihesabu neno hili kuwa mgeni kwao. Waebrania walikuwa nalo, eravon. Wagiriki walilipokea kutoka kwa Wasemiti, labda kwa wachuuzi wa Foinike, wakasema arrabon. Roma likawa arrabo, kisha arra, na Wafaransa wakalirithi: arrhes. Basi anayeifukuza arabuni mlango wa mbele na kuweka arrhes amemfungulia mgeni yule yule mlango wa nyuma.

Habari za Septuaginta na mafunjo ya Misri wenzangu wanazijua, nazipita. Aristotle simpiti. Anasimulia kwamba Thales wa Mileto, akichekwa kwa umaskini wake, alisoma nyota akajua zeituni zitazaa sana. Baridi ingali ipo, akatoa arabuni kwa vinu vyote vya mafuta vya Mileto na Kio, kwa bei ya chini, maana hakuna aliyeshindana naye. Mavuno yakaja, watu wakavihitaji wote kwa mpigo, naye akavikodisha kwa bei aliyoitaka. Na Plautus, mchekeshaji wa Roma! Mtu wake wa shamba anasema "rabo". Akiulizwa a imekwenda wapi, anajibu kwamba ameibakiza iwe faida yake. Nimewasomea wanafunzi mzaha huo miaka mingi, na ninayecheka zaidi ni mimi.

Wengine hutaka tuseme "dhamana". Hapana. Katika Mwanzo 38 Yuda anamwachia Tamari pete ya muhuri, kamba na fimbo mpaka mwana-mbuzi aletwe. Kiebrania kinaiita eravon, lakini kwetu hiyo ni rahani: mbuzi akifika, fimbo inarudi. Arabuni ya Paulo hairudi. Nikiwa mtoto, mtu mmoja alikuwa na deni la mpunga kwa mama, magunia matatu. Mavuno hayajaisha, akaleta kikapu kimoja. Mama akachota kiganjani, akasugua, akapuliza pumba, akatafuna punje mbili. "Ni wenyewe," akasema. Tangu siku hiyo deni likawa magunia matatu kasoro kikapu.

Paulo alilipata wapi neno hili? Wenzangu husema katika Mwanzo, na wana hoja nzito. Mimi nasema sokoni. Katika Agano Jipya neno limo mara tatu tu, na mbili kati ya hizo zimo katika barua moja kwa Wakorintho, watu wa mji ambako, kwa mujibu wa Matendo 18, alishona hema kwa riziki yake. Mteja aliyeagiza hema hakumwachia fimbo.