Juzuu ya Pili, Shahidi wa Pili

Leo nazungumza nanyi kutoka Mount Druitt, kitongoji kilicho kilomita zipatazo 40 magharibi ya katikati ya jiji la Sydney, Australia. Safari ya garimoshi kwenda mjini huchukua karibu saa nzima, muda unaotosha sura moja ndefu.

Nimekuwa nikisoma "Moon Witch, Spider King" ya Marlon James, mzaliwa wa Jamaica aliyepata tuzo ya Booker mwaka 2015. Ilitoka mwaka 2022, nayo ni juzuu ya pili ya hadithi iliyoanza mwaka 2019. Nchi zake ni za kubuni, lakini zimefinyangwa kwa udongo wa ngano za Afrika.

Desturi ya riwaya za namna hii ni juzuu ya pili kupokea safari pale ilipoachwa. Ndivyo alivyofanya Tolkien mwaka 1954. James anarudi nyuma na kumkalisha shahidi mwingine. Katika juzuu ya kwanza, mfungwa aitwaye Tracker alimweleza mhoji wake habari za msako wa mtoto aliyepotea, na humo Sogolon, mchawi wa miaka 177, alionekana mwanamke mkorofi asiyeaminika. Sasa Sogolon anasema mwenyewe, na kumbe msako ule ni kipande kidogo tu cha umri wake. Anaanzia utotoni, msichana asiye na jina, kaka zake wamemfungia kichuguuni. Kitabu ni kirefu kupita haja, kwa maoni yangu, lakini kurasa hizo hazisahauliki.

Niliisimulia kwa Kiswahili kwa jirani yangu, mama mmoja mzaliwa wa Baraka, Kivu Kusini, aliyepitia kambi za Kigoma. Uchawi haukumshughulisha. Aliuliza: "Na huyo mwandikaji, alimsomea kwanza maneno ya yule mwanamume?"

Kisha akanieleza, na ameniruhusu kuwaambieni, kwamba kambini mumewe ndiye aliyehojiwa kwa niaba ya familia. Jalada lao lasema walivuka Ziwa Tanganyika usiku mmoja, wote pamoja. Mume hakudanganya; yeye alivuka mara moja. Mama huyu alivuka mara tatu, kwa kuwa alirudi kumchukua mama mkwe wake. Hakuna aliyemuuliza.

Ameniomba nimsomee sura za kichuguu Jumapili hii, polepole.