Sauti Zetu Zilizo Kwenye Kanda
(Maneno ya katibu wa kwaya, Siku ya Yubilei)

 



Wengi mmeuliza nyimbo za zamani mlizosikia asubuhi zimetoka wapi. Zimetoka kwenye katoni iliyokuwa juu ya kabati la ofisi: kanda 19. Mbili zilikuwa zimeota ukungu, maana unyevu wa ziwa hauogopi mali ya kanisa. Nyingine utepe wake ulikuwa umelegea, tukaukaza kwa kalamu kama tulivyofanya utotoni.

Kazi yenyewe si ngumu, ila haina njia ya mkato. Unasafisha kichwa cha redio kaseti kwa pamba yenye spiriti, unavuta waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, kisha unarekodi kwa programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Kanda ya dakika 60 huchukua dakika 60 nzima. Faili kamili ya WAV hula karibu megabaiti 600; ya MP3, ya kutuma kwa simu, yatosha 60.

Katika kanda moja, mwalimu wetu wa kwanza, aliyelala katika Bwana, anakatiza wimbo na kuikaripia sauti ya tatu: "Mnaburuta! Rudieni!" Nilipakata hapo nikidhani nasafisha. Mjane wake aliposikiliza aliniuliza, "Mwanangu, mbona mzee umemnyamazisha?" Nilimshukuru Mungu kwamba kanda ilikuwa bado ipo. Nikaanza upya. Sasa kila kanda tunaihifadhi nzima, na nakala ya kujifunzia nyimbo ni nyingine.

Ndugu zangu, nyimbo nyingi za wakati ule hazikuandikwa noti. Kanda ikioza, sauti ya nne imekwenda nayo.

Kwa hiyo naomba: mwenye kanda ya kwaya nyumbani asiitupe, wala asiijaribu kwenye redio mbovu ikamezwa. Niletee baada ya ibada. Nitaiandika jina lako na utarudishiwa. Nakala zitakaa mahali patatu: kompyuta ya kanisa, flashi ya mwenyekiti, na mtandaoni.

Mungu awabariki.