Haki ya Kuuliza Serikali

Msikilizaji, mbunge asiye na cheo serikalini aweza kutetea haki kwa njia gani? Tumtazame Priscilla Nyokabi, wakili aliyetoka shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria, akawa mwakilishi wa wanawake wa Kaunti ya Nyeri, Kenya, mwaka 2013. Mswada wake ndio uliozaa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016.

Kwa nini sheria hiyo inakuhusu? Mzazi wa Othaya aweza kuuliza basari iligawanywa vipi. Mchuuzi wa Karatina, ada za soko zinatumikaje. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, bila malipo, na ofisi ina siku 21 kujibu. Likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48.

Kwa upande mmoja, maofisa husema siri za usalama na faragha za watu lazima zilindwe, na sheria inakubali. Kwa upande mwingine, kinga hiyo isigeuzwe kichaka cha kuficha matumizi ya kodi yetu.

La msingi ni hili: sheria isiyotumiwa haimsaidii mnyonge. Je, wewe umeuliza nini katika ofisi ya kaunti yako?