Asidi kwenye Chakula cha Kuku wa Nyama

Leo tunazungumzia utumbo wa kuku wako.

Bakteria wabaya wakizidi humo, chakula kinapita bure. Kinyesi kinakuwa majimaji, maranda yanaloa, kuku haongezeki uzito. Na soya iliyomo kwenye chakula hicho unaijua bei yake.

Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huongeza asidi kwenye chakula: ya fomiki, ya propioniki, ya butiriki. Asidi hupenya ndani ya bakteria kama salmonela na kuwadhoofisha. Ya propioniki huzuia pia ukungu kwenye chakula. Ya butiriki hulisha kuta za utumbo wenyewe.

Lakini sikiliza vizuri. Asidi si dawa. Narudia: asidi si dawa. Kuku akiharisha damu, mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo.

Nunua asidi iliyoandikwa kuwa ni ya mifugo. Tindikali ya betri usiisogeze bandani! Fuata kipimo cha kwenye kibandiko. Wengine huiweka kwenye maji ya kunywa; ikizidi humo, kuku hukataa kunywa. Ukiiweka kwenye maji, tumia vyombo vya plastiki, maana bati huliwa. Chanjo ya kideri au gumboro ya kunywa ikikaribia, acha asidi tangu siku ya kabla yake na usuuze vyombo, kwani asidi huharibu chanjo.

Na kama maranda yamelowa kwa sababu chombo cha maji kinavuja, ziba kwanza. Chupa ya asidi itasubiri.