Gari Linavuja Oili: Tafuta Chanzo Kwanza

Maandishi ya somo lililosemwa redioni, kwa ajili ya madarasa ya elimu ya watu wazima

Wenye madaftari na wafungue ukurasa mpya. Wenye kalamu wasiziweke mbali, maana leo kalamu ni chombo cha ufundi sawasawa na spana.

Leo tutazungumza juu ya jambo linalowasumbua watu wengi wenye magari. Oili ya injini inavuja. Gari linapelekwa gereji, linatengenezwa, fedha zinalipwa. Baada ya siku chache oili inavuja tena. Huenda wewe huna gari. Lakini huenda mwanao ni dereva, au kikundi chenu kina mashine ya kusaga. Injini ni injini, na namna ya kupatana na fundi ni ile ile.

Nitaanza na habari yangu mwenyewe. Mwaka 2016 nilikuwa nikifanya biashara ya machungwa. Nilikuwa na gari dogo la mizigo, nikinunua machungwa Muheza na kuyapeleka Tanga mjini. Asubuhi moja niliona doa jeusi chini ya gari, ukubwa wake kama kisosi. Nikagusa kwa kidole. Ilikuwa oili.

Nikaenda gereji ya kwanza. Fundi akafungua kifuniko cha juu cha injini, ambacho mafundi hukiita tapeti kava, akabadilisha gasketi yake. Baada ya siku chache doa likarudi. Nikaenda gereji ya pili. Huko wakasema, "Ni sampu hii." Sampu ni lile bakuli la chini ya injini linalokaa oili. Wakabadilisha gasketi ya sampu, wakapaka na gundi nyingi. Doa likarudi tena. Nikaenda gereji ya tatu. Huko wakashusha giaboksi, wakabadilisha sili ya nyuma ya krenki. Krenki ni kile chuma kizito kinachozunguka ndani ya injini. Kazi hiyo ilichukua siku mbili. Haukupita muda, oili ikaanza kudondoka mbele ya injini.

Nikarudi kwa fundi wa tatu. Akatikisa kichwa, akasema, "Mzee, injini imechoka. Tuishushe, tuifumue yote." Bei yake ilikuwa shilingi 1,800,000. Fedha hizo nilikuwa nazo, lakini zilikuwa ada ya chuo ya binti yangu.

Usiku ule nilimweleza mke wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Baba watoto, hawa mafundi watatu, kila mmoja alibadilisha kitu gani? Na baada ya hapo oili ilikuwa ikitoka wapi?" Sikuweza kumjibu vizuri. Niliyachanganya yote. Sikuwa nimeandika hata neno moja.

Mke wangu akaleta daftari. Tarehe tulizipata katika simu, kwa ujumbe wa malipo. Tukaandika mistari mitatu. Nitaisoma polepole, nanyi mwiandike.

Mstari wa kwanza: Tarehe 6 Juni. Gasketi ya tapeti kava. Shilingi 45,000. Ilikaa siku 9, kisha ikavuja kwenye sampu.

Mstari wa pili: Tarehe 18 Juni. Gasketi ya sampu. Shilingi 60,000. Ilikaa siku 10, kisha ikavuja nyuma ya injini.

Mstari wa tatu: Tarehe 2 Julai. Sili ya nyuma ya krenki. Shilingi 180,000. Ilikaa siku 12, kisha ikavuja mbele ya injini.

Sasa jumlisheni zile fedha. Mmepata ngapi? Ni shilingi 285,000.

Lakini tazameni tena mistari hiyo, maana ina habari kubwa kuliko hesabu ya fedha. Je, kuna mahali palipotengenezwa pakavuja mara ya pili? Hapana. Kila palipozibwa palikaa pakavu, na oili ikatafuta mlango mwingine. Sisi hatukujua maana yake. Lakini palikuwa na mzee mmoja karibu na soko, fundi wa miaka mingi. Asubuhi nikamwendea. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Una nini?" Nikampa daftari. Akavaa miwani, akaisoma ile mistari mitatu. Hata hakulitazama gari kwanza. Akasema, "Hapa sili si kosa. Hapa kuna kitu kinachoisukuma oili."

Sasa nisikilizeni vizuri, nieleze alichomaanisha.

Ndani ya injini petroli huwaka juu ya pistoni. Pistoni zina ringi za kuzuia ule moshi wenye nguvu usishuke chini. Lakini hata katika injini nzima, moshi kidogo hupenya na kuingia chini, mahali pa oili. Moshi huo lazima upate njia ya kutoka. Kwa hiyo injini ina bomba dogo la kupumulia, na katika magari mengi pana vali ndogo kwenye njia hiyo. Bomba au vali ikiziba, moshi hujaa ndani na kusukuma pande zote. Oili nayo hutafuta mahali palipo dhaifu, ikatokea hapo. Ukiziba hapo, itatokea kwingine. Ni kama sufuria iliyofunikwa sana na kuwekwa jiwe juu yake: mvuke utainua kifuniko upande mmoja au mwingine.

Yule mzee akafungua bomba la kupumulia. Lilikuwa limejaa tope jeusi, gumu kama lami. Akaitoa vali, akaitikisa karibu na sikio langu. Haikulia. Vali ya namna ile ikiwa nzima hulia ndani kama njuga, kwa sababu kuna kitu kinachocheza. Yangu ilikuwa imeganda. Akasafisha bomba, akaweka vali mpya, akabadilisha sili ya mbele iliyokuwa imeanza kusukumwa. Nikalipa shilingi 70,000. Gari likaenda Muheza na kurudi msimu wote, na chini yake pakabaki pakavu. Binti yangu akaenda chuoni.

Ndugu zangu, wale mafundi watatu hawakuwa wezi. Kila mmoja alitengeneza pale alipoona pameloa. Nami sikuwa na habari ya kuwapa, maana kila gereji nilifika kama mgeni asiye na kumbukumbu. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini kabla ya kuziba, jua kwanza ufa uko wapi, na ni kitu gani kilichoupasua.

Basi, ufanye nini gari lako likivuja?

Kwanza, pima oili. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika kumi. Chomoa dipstiki, yaani kijiti cha kupimia oili. Kifute, kirudishe mpaka mwisho, ukichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo. Usipitishe alama ya juu, kwa maana oili ikizidi nayo huweza kuleta uvujaji. Andika tarehe na kiasi ulichoongeza.

Pili, osha injini. Injini iliyojaa oili ya zamani na vumbi haisemi kitu. Ioshwe ikiwa imepoa, na nyaya za umeme zifunikwe. Kisha endesha kidogo, uzime, utazame kwa tochi. Anza juu, ushuke chini. Oili huteremka, na upepo wa safari huipeleka nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondoka si lazima pawe mahali inapotoka. Tafuta mahali pa juu kabisa palipoloa. Ukiwa na shaka, pakaushe, upapake poda ya mtoto kidogo, na uwashe injini. Oili itachora mstari katika ile poda, nawe utaufuata mpaka chanzo chake.

Tatu, angalia vitu vidogo kabla ya vikubwa. Je, bolti ya kumwagia oili imekazwa, na washa yake ni nzima? Je, filta imekaa sawa? Mara nyingine mpira wa filta ya zamani hubaki umeganda kwenye injini, na filta mpya hufungwa juu yake. Mipira miwili haikai pamoja; oili itatoka kwa nguvu. Na lile bomba la kupumulia, je, liko wazi?

Nne, kukaza sana si kutengeneza. Bolti za tapeti kava zikikazwa kupita kiasi, gasketi hupondeka na kifuniko hupinda. Gundi nayo isizidi. Vipande vyake huweza kukatika, vikaenda kuziba chujio la oili ndani ya sampu. Hapo utakuwa umeponya kidole na kuua mtu.

Sasa tuje kwenye gereji. Andikeni mambo matano.

La kwanza. Mwambie fundi unachokiona, usimwambie cha kubadilisha. Usiseme, "Nibadilishie gasketi." Sema, "Fundi, oili inadondoka upande huu. Naongeza nusu lita kila wiki. Nitafutie inatoka wapi." Ukitaja gasketi, atakubadilishia gasketi, na oili ikivuja tena hana kosa.

La pili. Mwombe akuonyeshe. Fundi mwema hachukizwi na swali la heshima. Sema, "Nionyeshe inapotoka, ili nami nijifunze." Kisha uliza, "Na ni kitu gani kilichoharibu hapo?" Swali hili la pili ndilo mimi sikuliuliza.

La tatu. Patana bei kabla ya kazi, na iandikwe: bei ya spea mbali, bei ya kazi mbali. Na iandikwe kwamba akiona ubovu mwingine atakuuliza kwanza kabla ya kuendelea.

La nne. Omba spea iliyotolewa. Kama ni sili, ishike, uitazame. Je, imekatika? Imekuwa ngumu? Spea ya zamani ni ushahidi. Omba na risiti, uisome palepale, si nyumbani.

La tano. Ukiambiwa, "Tushushe injini," usiseme ndiyo siku hiyo. Peleka daftari lako kwa fundi mwingine akupe shauri. Kuna wakati injini huwa imechoka kweli: ringi zimelika, moshi wa buluu unatoka kwenye ekzosi, na moshi mwingi unasukuma hata baada ya bomba la kupumulia kusafishwa. Hapo kufumua injini ni haki. Lakini lile bomba lisafishwe kwanza.

Ninayo maonyo matatu mafupi. Taa nyekundu yenye picha ya birika la oili ikiwaka mnapokwenda, simama mahali pa salama na uzime injini mara moja. Usiseme, "Nitafika tu." Injini isiyo na oili huweza kufa katika dakika chache. Pia usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza, na gari halina huruma. Na oili chafu usiimwage chini wala mtaroni. Huharibu udongo na maji. Iweke katika dumu, uipeleke gereji inayokusanya oili chafu, na unawe mikono kwa sabuni.

Wasikilizaji, wengine wenu mmeanza kuandika mwaka huu tu. Huenda mkaona aibu kuandika mbele ya fundi, kwa kuwa herufi zenu bado ni kubwa na zinapinda. Msione aibu. Ile mistari mitatu ya mke wangu nayo ilipinda. Yeye aliingia darasa la watu wazima akiwa mama wa watoto watatu. Mistari yake iliokoa shilingi 1,800,000. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini mahali inapodondoka oili si lazima pawe mahali inapotoka?
2. Bomba la kupumulia likiziba, kunatokea nini ndani ya injini?
3. Chora katika daftari lako safu tano: tarehe, kazi iliyofanywa, bei, siku ilizokaa, mahali ilipovuja tena. Jaza habari za chombo chochote ulichotengenezesha, hata kama ni baiskeli, redio au cherehani.
4. Wawili wasimame mbele ya darasa. Mmoja awe fundi, mwingine mwenye gari. Wapatane bei kwa heshima, na mwenye gari aandike mapatano yao ubaoni.

Hapo ndipo tunapofikia mwisho wa somo letu. Kwa herini, wasikilizaji, na madaftari yenu yasikae mbali.