Kuigeuza Phoenix Kuukuu Kuwa Baiskeli ya Mwendo
(Mazungumzo ya fundi wa baiskeli katika mkutano wa kata)



Nimeombwa niseme na vijana wanaotaka kuingia mashindanoni kwa baiskeli walizorithi kwa baba zao. Nyingi ni Phoenix, chuma kizito lakini imara, na sioni sababu ya kuzidharau.

Vueni keria, madigadi, stendi na kava la mnyororo. Uzito utapungua bila gharama. Mwendo wenyewe, hata hivyo, umo katika gia. Meno 44 mbele na 20 nyuma huisogeza baiskeli takriban mita 4.9 kwa kila mzunguko wa pedeli. Wekeni 16 nyuma, mzunguko uleule utawapa mita 6.1. Kwenye mlima mtaumia, ila kwetu tambarare ni nyingi.

Linalonisumbua ni usukani. Breki za Phoenix huvutwa kwa fito zilizoshikana nao. Ukiung'oa ili uweke uliopinda chini, umeziondoa na breki. Wala kuweka breki za waya peke yake hakutoshi: raba za zamani hubana rimu upande unaotazama spoku, za waya hubana ubavuni, na ubavu wa rimu ile ni wa mviringo. Basi breki, rimu na tairi hubadilishwa pamoja. Msidanganywe na namba 28 iliyoandikwa kwenye tairi: ya zamani hukaa kwenye rimu ya milimita 635, ya mashindano kwenye ya 622. Haziingiliani.

Asiye na fedha za vyote abaki na usukani wake. Aushushe, apandishe kiti, kisha arekebishe urefu wa fito.

Nasema haya kwa aibu. Baiskeli ya kwanza niliyoigeuza niliikabidhi bila breki, mwenyewe akategemea soli ya kiatu. Karibu na Tinde ng'ombe wakavuka barabara, na nyuma yake lilikuwapo lori. Mnajua malori ya bandari kavu ya Isaka yanavyopita pale. Akajitupa mtaroni, akavunjika mtulinga. Gharama za matibabu nilizilipa mimi, na baba yake hakunisemesha mwaka mzima.

Baada ya mkutano nitakuwa hapo nje na vifaa vyangu, kukagua sitozi. Mliokwisha kuzing'oa fito, njooni mkizikokota.